Simu za Intaneti Katika Biashara Ndogo: Mfano wa Dundori na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala hii inafafanua mambo ya msingi ambayo mwenye biashara ndogo au chama cha ushirika hana budi kuyafahamu kabla ya kununua vifaa vya simu ya intaneti, pamoja na namna ya kuvitunza vikishanunuliwa. Eneo la Dundori, Kaunti ya Nakuru, limeteuliwa kuwa mfano. Tunashikilia kwamba hasara nyingi katika ununuzi na utunzaji wa vifaa hivi hutokana na upungufu wa maelezo kuliko ubovu wa vifaa vyenyewe, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuuziba upungufu huo kwa maneno ambayo wananchi tayari wanayatumia.

1.0 Utangulizi

Wataalamu wa asili ya maneno hutueleza kuwa neno "simu" liliingia katika Kiswahili kutoka Kiajemi, ambako "sim" ni waya. Wahenga wetu walikipa chombo jina la kile walichokiona kwa macho: nguzo zilizopangwa kandokando ya njia na waya uliopita juu yake. Waliotumia jina hilo hawakukosea, kwani kwa muda wa zaidi ya karne moja simu ilikuwa ni waya kweli. Kila nyumba au ofisi yenye simu ilikuwa na jozi yake ya nyaya za shaba, na aliyekatiwa waya alikuwa amekatiwa mawasiliano.

Simu ya intaneti imeuvunja uhusiano huo wa jina na kitu. Sauti ya msemaji haipiti tena katika waya uliotengwa kwa ajili yake peke yake. Hupita katika njia ileile inayobeba barua pepe, picha na hesabu za benki. Kutokana na badiliko hilo, mambo ambayo zamani yalikuwa mzigo wa shirika la simu, kama vile umeme wa kuendeshea chombo, usalama wa mazungumzo na ubora wa sauti, sasa yamehamia mabegani mwa mnunuzi. Hapo ndipo penye umuhimu wa mada hii.

Ili mjadala wetu usielee hewani, tumeichagua Dundori. Msafiri aliyefika Lanet, kwenye barabara kuu ya Nakuru na Nairobi, akishika njia ya kwenda Ol Kalou hupanda hadi Dundori, wadi iliyomo katika eneo bunge la Bahati. Ni nchi ya baridi na msitu, na wakazi wake wengi ni wakulima wa viazi, mboga na ng'ombe wa maziwa. Hebu tuwaze chama cha ushirika cha wakulima katika mahali kama hapo. Chama hiki ni cha kubuni, lakini mahitaji yake si ya kubuni. Kina ofisi yenye watu wanane: meneja, mhasibu, makarani wa kupokea maziwa, mtunza ghala na wengineo. Asubuhi dereva wa lori anauliza kama barabara inapitika, mnunuzi wa viazi aliye Nairobi anauliza bei, na mkulima anauliza malipo yake. Maziwa hayangoji. Simu isipopokewa kwa saa mbili, kuna kitakachochacha na kuna mteja atakayenunua kwingine. Swali letu basi ni hili: chama kama hiki kinunue nini, kiulize nini, na vifaa vikiharibika kiseme nini?

2.0 Usuli wa simu nchini Kenya

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, huduma za simu nchini Kenya zilikabidhiwa Shirika la Posta na Simu la Kenya. Kufuatia sheria ya mawasiliano ya mwaka wa 1998, shirika hilo liligawanywa mwaka wa 1999 na kuzaa Telkom Kenya, Posta na tume ya kusimamia mawasiliano. Telkom iliachiwa ukiritimba wa miaka 5 juu ya simu za mezani na njia ya kimataifa ya intaneti. Katika kipindi hicho kampuni binafsi hazikuruhusiwa kuuza huduma ya kupitisha sauti katika intaneti, ingawa teknolojia ilikuwapo. Ukiritimba ulikoma mwaka wa 2004, na katika miaka iliyofuata mlango ukafunguliwa.

Hata hivyo, mlango uliofunguka ulikuwa na njia mbovu nyuma yake. Wakati huo Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano yake ya kimataifa ya intaneti. Setilaiti za aina hiyo hukaa kilomita 35,786 juu ya ikweta, kwa hiyo sauti hutumia takriban robo ya sekunde kupanda na kushuka, na jibu hutumia robo nyingine kurudi. Wasemaji wawili hujikuta wakikatizana maneno. Hali ilibadilika mwaka wa 2009 nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika Mombasa na kuanza kazi. Mwaka wa 2010 ulifuata waya wa EASSy.

Wakati huohuo, simu ya mkononi ilikuwa imekwisha kuipiku simu ya mezani. Nyaya za shaba zilikuwa zikiibwa, na wafanyabiashara wengi wakahamia kwenye rununu bila kungoja fundi. Ndiyo maana mfanyabiashara wa leo anapoambiwa habari za simu ya intaneti huuliza, na ana haki ya kuuliza: mimi nina rununu, hii nyingine ya nini?

Jibu la zamani lilikuwa bei. Jibu hilo limepungua nguvu. Ada ambayo kampuni moja ya simu hulipa nyingine kwa kila dakika ya kupokelewa mazungumzo ilikuwa shilingi 4.42 kabla ya kupunguzwa hadi 2.21 mwaka wa 2010, na kufikia mwaka wa 2024 ilishuka hadi shilingi 0.41. Simu za kawaida zimekuwa rahisi. Faida kubwa ya simu ya intaneti kwa sasa ni mpangilio wa kazi: nambari moja ya ofisi inayoweza kuita mezani mwa watu wanane, kuhamisha mteja kutoka kwa karani hadi kwa mhasibu bila kukata, kuacha ujumbe wa sauti baada ya saa za kazi, na kumwezesha meneja aliye shambani kupokea simu ya ofisi katika rununu yake. Isitoshe, karani akiacha kazi, nambari inabaki na chama badala ya kuondoka naye mfukoni. Mnunuzi asiyehitaji mambo haya hana haja ya kuingia gharama.

3.0 Jinsi sauti inavyosafiri

Mtu anapozungumza katika simu ya intaneti, chombo hugeuza sauti yake kuwa tarakimu, kisha hukatakata tarakimu hizo katika vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kwa kawaida kila pakiti hubeba sehemu 20 za elfu moja za sekunde, yaani pakiti 50 kwa kila sekunde. Kila moja huandikwa anwani na kutumwa, na upande wa pili chombo huzipokea, huzipanga na kuzigeuza tena kuwa sauti. Ni mithili ya kuipeleka barua ndefu kwa kuirarua vipande, kila kipande na bahasha yake, kisha mpokeaji aviunganishe upya haraka kiasi kwamba asitambue kuwa ilikuwa imeraruliwa.

Kabla ya sauti kusafiri, vyombo viwili hulazimika kukubaliana: nani anapiga, nani anapigiwa, na wazungumze kwa namna gani. Kanuni za makubaliano hayo huitwa itifaki, na inayotumika sana ni ile iitwayo SIP, ambayo toleo lake la msingi linalotumika hadi leo lilichapishwa mwaka wa 2002. Tofauti kati ya mambo haya mawili, makubaliano na sauti yenyewe, haina budi kukumbukwa, kwani itatusaidia tutakapozungumzia hitilafu. Inawezekana makubaliano yafaulu na sauti ikwame, au sauti iwe njema na makubaliano yakwame.

Namna ya kugeuza sauti kuwa tarakimu huitwa kodeki. Kodeki ya G.711 hutoa sauti safi na, pamoja na anwani zake zote, huhitaji takriban kilobiti 87 kwa sekunde kila upande. Kodeki ya G.729 huibana sauti na kuhitaji takriban kilobiti 31 tu. Tukirudi kwa chama chetu cha Dundori, tukadirie kuwa kati ya watu wanane, wanne huzungumza kwa wakati mmoja. Kwa G.711 watahitaji takriban kilobiti 350 kwa sekunde kila upande, kwa G.729 takriban 125. Iwapo mtandao ni wa kulipia kwa kipimo, dakika moja ya mazungumzo kwa G.711 hula takriban megabaiti 1.3, kwenda na kurudi, na chini ya nusu megabaiti kwa G.729.

4.0 Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua

4.1 Njia ya intaneti

Hesabu tuliyoifanya inafichua jambo ambalo wauzaji wengi hulipita. Simu haihitaji njia pana; inahitaji njia tulivu. Muuzaji hujivunia megabiti 20 au 50 za kushusha, ilhali simu inajali mambo matatu mengine: pakiti zifike zote, zifike kwa nafasi zilizo sawa, na zifike mapema. Shirika la kimataifa linaloweka viwango vya simu hupendekeza safari ya upande mmoja isizidi sehemu 150 za elfu moja za sekunde ikiwa mazungumzo yatakuwa ya starehe.

Mahali kama Dundori, mnunuzi alinganishe njia zinazomfikia. Waya wa kioo ndio bora ikiwa umefika mlangoni. Kiungo cha redio kutoka mnara hadi paa la ofisi hufaa mradi mnara unaonekana bila mti au kilima katikati, na katika nchi ya mabonde na msitu sharti hili si dogo. Mtandao wa rununu hufaa pia, ila hubadilika kadiri watu wanavyoongezeka kwenye mnara. Tangu Julai 2023 Starlink imekuwa ikiuza huduma nchini. Setilaiti zake huzunguka takriban kilomita 550 tu juu ya ardhi, kwa hiyo ucheleweshaji wa zile setilaiti za zamani haupo. Kwa vyovyote vile, kipimo kifanywe ofisini penyewe, tena zaidi ya mara moja: asubuhi wakati wa kazi, jioni, na siku ya mvua. Kipimo kilichofanywa mjini Nakuru hakisemi lolote juu ya Dundori.

Jambo la pili ni kuipa sauti kipaumbele. Ruta nzuri huweza kuamrishwa itangulize pakiti za sauti mbele ya nyingine. Bila amri hiyo, mfanyakazi mmoja anayetazama video anaweza kuvuruga mazungumzo ya ofisi nzima.

4.2 Vifaa vyenyewe

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni simu ya mezani iliyoundwa kwa intaneti, kama zile za Yealink na Grandstream. Ya pili ni adapta, kijisanduku kinachoiwezesha simu ya kawaida ya zamani kuzungumza kupitia intaneti. Ya tatu ni programu inayowekwa katika tarakilishi au rununu. Kwa ofisi ya watu wanane, mchanganyiko hufaa: simu za mezani kwa makarani wanaopokea simu kutwa kucha, na programu kwa wanaotembea.

Nyuma ya simu hizi pana kitu kinachozipangia kazi, yaani swichibodi. Swichibodi inaweza kuwa sanduku ndani ya ofisi, au huduma ya kukodi kutoka kampuni iliyo mbali. Wapo wanaotumia Asterisk, programu huria iliyoanzishwa na Mmarekani Mark Spencer mwaka wa 1999, ambayo haina gharama ya leseni. Lakini kisicho na leseni si kisicho na gharama, kwani anahitajika mtu wa kuielewa. Sanduku la ofisini lina sifa moja kuu: intaneti ikikatika, simu za ndani huendelea kufanya kazi. Huduma ya kukodi nayo ina sifa yake: ofisi ikikosa umeme, mteja bado husikia sauti ikimkaribisha, na simu yake inaweza kupelekwa kwenye rununu ya meneja.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi aulize maswali manne. Je, simu hizi zinafuata itifaki ya SIP kwa uwazi, au zimefungiwa kampuni moja? Cisco, kwa mfano, kwa miaka mingi ilitengeneza simu zilizotumia itifaki yake yenyewe, na wanunuzi wa vifaa vilivyokwisha kutumika hujikuta na chombo kizuri kisichokubali kuzungumza na wengine. Pili, je, mtengenezaji bado anatoa masahihisho ya programu kwa aina hiyo? Tatu, je, kifaa kimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, kama inavyotakiwa kwa vifaa vinavyounganishwa na mitandao ya umma nchini? Nne, dhamana inatimizwa wapi: Nakuru, Nairobi, au ng'ambo? Dhamana ya miaka miwili inayomtaka mkulima apeleke simu nje ya nchi kwa gharama yake ni karatasi tu.

4.3 Umeme

Simu ya kale ya waya ilipokea umeme wake kutoka kituo cha simu. Taa zilipozimika nyumbani, simu iliendelea kulia. Simu ya intaneti haina bahati hiyo. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa saa nyingi, na ofisi yoyote isiyokuwa na betri ilinyamaza hata kama waya wake wa intaneti ulikuwa mzima.

Dawa yake ni hesabu nyepesi. Simu 8 za mezani zinazotumia takriban wati 5 kila moja hufanya wati 40. Swichi na ruta zikiongeza 30, jumla ni 70. Betri ya volti 12 yenye uwezo wa ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200. Tukitumia nusu ili tusiiue mapema, na tukiondoa upotevu wa njiani, tunabaki na takriban 500. Zigawe kwa 70: ofisi itazungumza kwa takriban saa 7. Inafaa kununua swichi yenye alama ya PoE, ambayo hupitisha umeme ndani ya waya uleule wa mtandao, kwa kuwa betri moja iliyowekwa penye swichi huzilinda simu zote. Katika nyanda zenye mvua za radi, vifaa vya kuzuia msukumo wa umeme na waya wa kutuliza radi ardhini visihesabiwe kuwa anasa.

Pamoja na hayo, ofisi ibaki na rununu moja yenye chaji kwa ajili ya dharura. Nambari za 999 na 112 zisitegemee betri na ruta.

4.4 Mkataba

Mkataba wa huduma useme bayana: fundi atajibu baada ya saa ngapi, atafika baada ya saa ngapi, nani analipa nauli yake, na nambari ya simu ni mali ya nani. Hoja ya mwisho ndiyo inayosahaulika zaidi. Nambari iliyoandikwa kwenye lori, kwenye risiti na kwenye ukuta wa ghala ni mtaji. Chama kikigombana na mtoa huduma kisha kikaambiwa nambari haiondoki, kimefungwa mikono. Swali hili liulizwe kabla ya sahihi, na jibu lake liandikwe.

5.0 Utunzaji na lugha ya kueleza hitilafu

Vifaa vikishafungwa, kazi kubwa inayobaki ni mazungumzo kati ya mtumiaji na fundi. Sehemu hii ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa lugha. Tazama mfano ufuatao wa kubuni:

Karani: Fundi, simu zetu zimekufa.
Fundi: Pole, mama. Zimekufa vipi?
Karani: Zimekufa tu. Hazifanyi kazi.
Fundi: Basi nitakuja kesho niangalie.

Kesho ni mbali kwa mwenye maziwa. Sasa tulinganishe:

Karani: Fundi, tangu saa mbili asubuhi simu zinalia, tunapokea, tunamsikia mteja vizuri, lakini sisi hatusikiki. Tukipigiana ndani ya ofisi tunasikilizana.
Fundi: Ahsante, mama. Je, kuna mtu aliyebadilisha ruta?
Karani: Ndiyo, jana jioni wa intaneti walileta nyingine.
Fundi: Usifunge simu. Tutarekebisha kutoka huku.

Karani wa pili hajui zaidi ya wa kwanza kuhusu tarakilishi. Alichomzidi ni usahihi wa kauli. Kiswahili kimemkirimu minyambuliko ya vitenzi, na kila mnyambuliko umebeba habari ya kiufundi. Hebu tuifafanue.

(a) "Hatusikii" na "hatusikiki" si jambo moja. Anayesema "hatusikii" anaeleza kuwa sauti ya nje haiingii. Anayesema "hatusikiki" anaeleza kuwa sauti ya ndani haitoki. Katika hali zote mbili makubaliano yamefaulu, kwa sababu simu imelia na kupokewa, ila sauti imekwama upande mmoja. Mara nyingi chanzo ni ruta au programu ya ulinzi inayozuia pakiti za sauti.

(b) "Inakatika" na "inakatikakatika" hutofautiana vilevile. Simu inayokatika imekwisha kabisa. Inayokatikakatika bado ipo, lakini maneno yanaliwa. Hapo pakiti zinapotea njiani, na mara nyingi njia imejaa au kiungo cha redio kinayumba. Uradidi wa neno umetofautisha magonjwa mawili.

(c) "Inakatika kila mara baada ya muda uleule." Ikiwa muda huo ni takriban sekunde 32, fundi mzoefu hatambui tu ugonjwa bali pia mahali ulipo: ujumbe wa kuthibitisha makubaliano haukufika, na kwa kanuni za SIP vyombo vikachoka kungoja. Kwa hiyo karani atazame saa ya ukutani; namba hiyo moja hupunguza siku nzima ya kutafuta.

(d) "Tunapiga lakini hatupigiki." Hapa chombo kinatoka nje kwa hiari yake, lakini swichibodi haijui tena kilipo. Usajili wake umekwisha muda, au ruta imeifunga njia baada ya kimya kirefu.

(e) "Kuna mwangwi." Anayejisikia mwenyewe akirudi, tatizo aghalabu liko upande wa pili: kipaza sauti cha mwenzake kinaokota sauti ya spika. Ucheleweshaji ukizidi, mwangwi huo hutambulika zaidi.

Kutokana na hayo, tunapendekeza kila ofisi ibandike karibu na simu karatasi yenye maswali matano: Tatizo limeanza lini? Ni simu moja au zote? Ni za kuingia, za kutoka, au za ndani? Intaneti kwenye tarakilishi inafanya kazi? Nini kimebadilishwa tangu jana? Anayeyajibu amefanya nusu ya kazi ya fundi.

Yapo pia matatizo ambayo hakuna fundi wa Nakuru awezaye kuyatatua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika, na intaneti ikazorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki. Ofisi ambayo swichibodi yake ya kukodi iko ng'ambo hutegemea bahari. Ambayo swichibodi yake iko nchini huathirika kidogo. Hili nalo ni swali la kuulizwa kabla ya kununua.

6.0 Usalama

Wezi wa simu za intaneti hawaibi chombo, huiba dakika. Huvizia swichibodi zenye nywila dhaifu, wakaingia usiku au mwishoni mwa juma, wakapiga nambari za ng'ambo zenye gharama kubwa, na Jumatatu ofisi ikakuta ankara isiyoeleweka. Kinga zake si za kitaalamu sana: badilisha nywila zote za kiwandani, fungia simu za kimataifa ikiwa chama hakina biashara ng'ambo, weka kikomo cha matumizi ya siku, na ikiwezekana tumia akaunti ya kulipia kabla.

Aidha, swichibodi nyingi zina uwezo wa kurekodi mazungumzo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inayagusa mambo hayo. Mteja aarifiwe kwamba anarekodiwa na kwa sababu gani, na rekodi zisiwe za kila mtu kusikiliza.

7.0 Nafasi ya Kiswahili

Mjadala wa istilahi za teknolojia miongoni mwetu mara nyingi huishia katika jina la chombo: tuseme tarakilishi, kompyuta au ngamizi, intaneti, mtandao au mdahalishi, rununu, simu tamba au simu ya mkononi. Mjadala huo una faida zake, na kazi kama ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ya kuitafsiri programu ya Jambo OpenOffice mwaka wa 2004 ilidhihirisha kuwa istilahi zikipangwa vizuri zinaweza kukaa kwenye kioo cha tarakilishi na kutumika. Lakini mfano wa Dundori unatuonyesha upande mwingine. Karani wetu hakupungukiwa nomino. "Ruta" na "swichi" zilimtosha, na fundi alimwelewa. Alichohitaji ni vitenzi, na vitenzi hivyo havikuhitaji kamati: kusikika, kukatikakatika, kupigika. Vilikuwa kinywani mwake tangu utotoni au tangu darasa la kwanza.

Kinachokosekana ni maandishi. Kijitabu cha matumizi kilichomo ndani ya kasha aghalabu ni cha Kiingereza au Kichina, na mkataba ni wa Kiingereza cha mawakili. Katiba ya mwaka wa 2010, katika kifungu cha 7, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 46 kikampa mlaji haki ya kupata habari zinazohitajika ili afaidi kikamilifu anachokinunua. Vifungu hivi viwili vikisomwa pamoja, ni vigumu kuona jinsi mkulima wa Bahati anavyoweza kusemwa kuwa amepewa habari ikiwa amepewa katika lugha anayoisoma kwa kubahatisha.

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoweza kutoa mchango usiohitaji fedha nyingi. Kuandaa ukurasa mmoja wa muhtasari wa mkataba, karatasi ya maswali matano ya hitilafu, au orodha ya maneno ambayo mafundi wa Nakuru hutumia kwa kweli, ni kazi ya isimu tekelezi iliyo kamili. Inahitaji utafiti wa nyanjani, uchanganuzi wa minyambuliko, na uhariri makini. Matokeo yake hayatakaa kabatini.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba simu ya intaneti humpa mfanyabiashara mdogo mpangilio ambao zamani ulikuwa wa mashirika makubwa peke yake, lakini humpa pia majukumu ambayo zamani yalikuwa ya shirika la simu. Anayenunua azingatie utulivu wa njia kabla ya upana wake, uwazi wa itifaki kabla ya uzuri wa chombo, betri kabla ya simu ya nane, na umiliki wa nambari kabla ya sahihi. Anayetunza ajue kueleza anachokisikia na asichokisikia. Waya uliolipa neno "simu" maana yake umeondoka, na mahali pake pamebaki maelezo: ya muuzaji kwa mnunuzi, na ya karani kwa fundi. Maelezo hayo yakiwa ya Kiswahili sahihi, maziwa ya Dundori yatafika sokoni kabla hayajachacha.